Skrini ya pili kwenye laptopu: rangi mbili tofauti, niamini ipi?

#1 Mwana_Kikwajuni
Assalam alaikum wanajamvi. Nahariri picha za hoteli na video za harusi, kazi nafanyia nyumbani. Laptopu yangu ni ya inchi 14, skrini yake OLED, ile ambayo kila pikseli inawaka yenyewe. Nimeongeza monita ya inchi 24, mtumba wa Dubai, IPS (aina yenye taa ya nyuma) kwa mujibu wa karatasi iliyobandikwa nyuma, naiunganisha kwa waya wa HDMI.

Nafasi nimeipata, alhamdulillahi. Taimlaini, ule mstari wa kupangia vipande vya video, iko chini, video yenyewe iko juu, sihangaiki tena kufunga dirisha hili nifungue lile. Tatizo ni rangi. Picha moja nikiiburuza ikae nusu huku nusu kule, zinakuwa picha mbili. Bahari ya Nungwi kwenye laptopu inawaka, kwenye monita imepauka. Joho la bwana harusi kwenye laptopu ni jeusi khasa na darizi ya dhahabu inaonekana uzi kwa uzi. Likihamia kwenye monita linageuka kijivu, na darizi inafanana na kitambaa.

Mteja nimpelekee kazi niliyoiona wapi? Na mwenye makosa nani: monita, waya au laptopu?

#2 FundiWaWaya
Waalaikum salaam. Joho kuwa kijivu ni dalili ya HDMI. Waya huu ulitengenezwa kwa ajili ya televisheni, na video ya televisheni inahesabu nyeusi kuanzia 16 na nyeupe kuishia 235. Kompyuta inahesabu 0 mpaka 255. Laptopu ikiidhania monita yako ni televisheni, inapeleka 16 mpaka 235, na monita nayo inasubiri 0. Nyeusi haifiki chini, nyeupe haifiki juu, kila kitu kinapauka.

Ingia kwenye mipangilio ya kadi ya grafiki, tafuta masafa ya rangi, weka Full. Usinunue kitu chochote kabla ya kujaribu hilo.

#3 MpigaPicha_Paje
Fundi, hilo nalikubali kwa upande wa joho. Bahari halijaieleza. Mwenzetu amesema OLED. Skrini nyingi za OLED za laptopu zina upana wa rangi unaokaribia DCI-P3, kipimo cha sinema za ukumbini. Picha nyingi za mtandaoni ziko kwenye sRGB, kipimo kilichotolewa na HP na Microsoft mwaka 1996, ambacho ni chembamba kuliko P3. Programu isiyosoma profaili ya rangi, yaani maelezo ya namna rangi zisomwe, inazichukua nambari za sRGB na kuzimwaga kwenye P3 vile vile zilivyo. Kijani na nyekundu zinapanda juu.

Kwa hiyo inawezekana monita ndiyo inayosema kweli na laptopu inatia chumvi. Bahari ya Nungwi nzuri, lakini haiwaki.

#4 Binti_Jangombe
Haiwaki? Nenda saa sita mchana maji yakiwa yametulia, kisha urudi hapa useme tena.

#5 MpigaPicha_Paje
Dada, mie nakaa Paje, maji nayaona kila nikifungua mlango. Nasema kwenye skrini.

#6 Babu_wa_Malindi
Wanangu, nyote mnazungumza nyaya na hakuna aliyeuliza chumba. Mie nimesafisha filamu gizani miaka mingi kabla ya haya makompyuta, na kitu cha kwanza tulichofundishwa ni taa. Mwana_Kikwajuni, dirisha liko upande gani? Ukuta una rangi gani? Ukuta wa chokaa nyeupe ukipigwa na jua la alasiri unamwaga mwanga juu ya kioo, na nyeusi yote inakuwa kijivu hata ungekuwa na monita ya mfalme. Taa ya njano juu ya kichwa nayo inalidanganya jicho. Jicho linaizoea ile njano, skrini inaonekana ya buluu, na weye unaanza kuongeza njano kwenye picha ambayo haikuwa na kosa.

Jambo la pili ni mwangaza. Kwa kazi ya kuchapishwa, skrini huwekwa baina ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Nyingi zinatoka dukani zikiwa 250 au zaidi. Ukihariri kwenye skrini kali namna hiyo, albamu ikirudi kutoka kiwandani ni giza tupu na bibi harusi analalamika.

#7 Mpemba_Wete
Shikamoo babu. Nyie mnagombania rangi, sie huku Wete skrini ya pili ina mtihani wake mwengine. Umeme ukikatika laptopu inabaki hai kwa betri, monita inazima, na madirisha yote yaliyokuwa kule yanarukia kwenye laptopu kwa fujo. Ikiwa ulikuwa katikati ya kutoa video nzito, mashine inaweza kuganda.

Ndiyo maana nimehamia skrini ya kubeba, ya inchi 15.6, inayokula umeme wa laptopu yenyewe kupitia USB-C. Umeme ukienda mie sijui. Inamaliza betri haraka, hilo halikwepeki, lakini kazi inakwenda mpaka unapata nafasi ya kuhifadhi faili.

#8 KaskaziKusi
Mpemba, tangu mvutiwe waya wa bara mwaka 2013 si mnapata umeme kama sie?

#9 Mpemba_Wete
Unachanganya visiwa yakhe. Waya wa Pemba unatoka Tanga, ulianza kazi 2010, kabla yake tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli. Wa 2013 ni wenu nyinyi, wa megawati 100, kutoka Ras Kiromoni kuja Fumba. Na nyie Unguja mlikuwa na waya tangu 1980, ule uliowaachia giza la mwezi mzima mwaka 2008 na la miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Mnasahau haraka.

#10 KaskaziKusi
Nimekubali, 2010. Lile giza la miezi mitatu nalikumbuka vyema, mji mzima ulikuwa unanguruma jenereta.

#11 FundiWaWaya
Tusihame mada, ingawa umeme umo ndani yake. Monita ya LED ya inchi 24 kwa kawaida inakula wati 20 hadi 30 hivi, kwa hiyo UPS ndogo, ile betri ya akiba, inaibeba vizuri mpaka uhifadhi kazi. Kinachoua monita zaidi ni umeme unaporudi kwa kishindo. Ukikatika, chomoa. Usubiri utulie ndipo uchomeke.

#12 Mwana_Kikwajuni
Shukrani nyote. Nimejaribu.

Fundi, ilikuwa kweli kwenye Limited, ile ya 16 mpaka 235. Nimeweka Full na joho limeshuka, sasa linaweza kuitwa jeusi, na darizi imerudi kiasi. Babu, dirisha liko nyuma yangu, linatazama magharibi. Nimeshusha pazia nzito na kioo kimetulia. Lakini usiku, taa zikizimwa, joho la kwenye monita bado lina ukungu. Na bahari haijabadilika hata kidogo.

#13 MpigaPicha_Paje
Ukungu wa usiku ni tabia ya IPS. Nyuma yake kuna taa inayowaka muda wote, na hata pikseli ikijifunga taa inapenya. Uwiano wa IPS nyingi ni kama 1000 kwa 1. OLED haina taa ya nyuma, pikseli nyeusi inazimika kabisa. Huwezi kuzilinganisha gizani, IPS itashindwa siku zote. Tafuta taa ndogo nyeupe uiweke nyuma ya monita iangaze ukuta, jicho litaacha kuuona ule ukungu.

Bahari, narudia, itazame laptopu. Baadhi ya laptopu za OLED zinakuja na programu yao ya kuchagua sRGB. Iweke hapo uangalie tena.

#14 Dogo_Mlandege
Sikubaliani nanyi wote. Mie nauza monita hizi. Mtumba wa inchi 24 wa zamani nyuma huandikwa 72% NTSC. Maana yake robo nzima ya rangi hamna na zaidi. Bahari atawezaje kuiona? Anunue mpya.

#15 MpigaPicha_Paje
Dogo, hapo pana kosa. NTSC ni kipimo cha televisheni za rangi za Marekani cha mwaka 1953, ni kipana kuliko sRGB. Asilimia 72 ya NTSC ndiyo takriban sRGB nzima. Monita yenye 72% inafaa kwa kazi ya mtandaoni. Ya kukimbia ni ile ya 45%, ambayo ndiyo imejaa kwenye laptopu za bei ya chini.

#16 Dogo_Mlandege
Sawa, 72 nimekuelewa. Lakini mtumba ni mtumba. Taa za nyuma zinachakaa, nyeupe inaelekea njano. Hiyo hamuwezi kuikataa.

#17 Babu_wa_Malindi
Hiyo hatuikatai. Fungua ukurasa mtupu mweupe kwenye skrini zote mbili, shika karatasi nyeupe ya kuchapishia katikati, mchana, karibu na dirisha lisilo na jua. Utaiona njano iko upande gani.

#18 Bi_Pindo
Hodi humu. Mie nachora kanga, na naona mnaipima skrini ya pili kwa rangi peke yake. Kwangu faida yake ni ukubwa. Kanga ina pindo pande zote, mji katikati, na jina chini ya mji. Ukiwa unachora kikorosho cha kwenye pindo umekikuza mpaka kimejaa kioo, huwezi kujua kama kikirudiwa kuzunguka kanga nzima kitaleta usumbufu machoni. Kwa hiyo faili moja nalifungua madirisha mawili. Photoshop inaruhusu, iko kwenye menyu ya Window, sehemu ya Arrange. Laptopu ina kikorosho kimoja kikubwa, monita ina kanga nzima, na kila mstari ninaochora huku unatokea kule papo hapo. Kabla ya hapo nilikuwa nakuza na kupunguza mpaka mkono unauma.

Rangi kwangu si shida kubwa kwa sababu kanga haitumii maelfu ya rangi. Nachagua chache kutoka kwenye vipande vya kitambaa, kiwanda kinajua nambari zake. Skrini naipa kazi ya umbo tu.

Swali langu: kalamu. Nina kibao cha kuchorea. Tangu niongeze monita, nikichora duara linatoka yai.

#19 FundiWaWaya
Bi_Pindo, kibao chako kinajitandaza juu ya skrini mbili kwa pamoja. Upana umekuwa mara mbili, urefu umebaki ule ule, ndiyo maana duara linavutika. Fungua programu ya kibao, sehemu ya kupanga eneo, kiambie kishughulikie skrini moja tu, halafu weka alama ya kulinda uwiano. Baadhi ya vibao vina kitufe unachoweza kukipa kazi ya kukihamisha kutoka skrini hii kwenda ile.

#20 Bi_Pindo
Duara limerudi duara. Ahsante mwanangu.

#21 Sauti_ya_Udi
Narikodi taarab, nami nimeongeza skrini ya pili: nyimbo zimelala kwenye moja, mikisa ya kuchanganyia sauti iko kwenye nyengine. Mambo mawili ya kuwatahadharisha wenye kazi ya sauti. La kwanza, nilipochomeka HDMI spika zikaanza kunguruma chini chini, na qanuni ikipigwa polepole ngurumo hiyo unaisikia yote. Nikichomoa chaja ya laptopu inaondoka. Hapo ardhi ya umeme inapita njia mbili. Kuchomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja kulipunguza, na kiunganishi cha kutenganisha sauti kiliimaliza.

La pili, msiiweke monita kubwa baina ya spika mbili usawa wa masikio. Sauti inagonga kioo na kurudi, na sauti ya mwimbaji unaisikia mahali isipo. Ishusheni chini, iiname kidogo kutazama juu.

#22 Binti_Jangombe
Na shingo je? Mwanzo niliiweka monita pembeni kabisa, jioni shingo inakuwa gogo. Sasa ile ninayoitazama zaidi iko mbele yangu, ukingo wake wa juu usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooka. Laptopu ndiyo imekwenda pembeni, na nimeinyanyua kwa vitabu.

#23 KaskaziKusi
Swali la pembeni. Nina MacBook Air ya chipu ya M1, nataka skrini mbili za nje. Nimenunua adapta ya USB-C yenye matundu mawili ya HDMI, zote mbili zinaonesha kitu kimoja.

#24 FundiWaWaya
Adapta haina kosa. M1 kwenye Air inakubali skrini moja tu ya nje, na M2 hali kadhalika. Air ya M3 inakubali mbili ukiifunga kifuniko. Kwa M1 njia iliyobaki ni adapta ya DisplayLink, inayotumia programu na kuibana picha ipite kwenye USB. Kwa barua na maandishi ni sawa kabisa. Kwa video na kazi ya rangi siipendekezi, inamuongezea mzigo prosesa na picha inaweza kuchelewa.

Na kwa wote wanaosoma: tundu la USB-C si lazima litoe picha. Angalia pembeni yake kuna alama ya DisplayPort au ya radi ya Thunderbolt. Kama hakuna alama, soma maelezo ya laptopu kabla ya kulipa.

#25 Mpemba_Wete
Nyongeza kwa wenye tamaa ya 4K: HDMI ya toleo la 1.4 inatoa 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde. Kipanya kinaburuta, unadhani laptopu imechoka. Ya 60 inataka 2.0 kuanzia laptopu, waya mpaka monita. Kimoja kikiwa cha zamani, vyote vinashuka.

#26 Mwana_Kikwajuni
Narudi na habari. MpigaPicha_Paje, nimeiweka laptopu kwenye sRGB. Bahari imepoa na imeisogelea ile ya monita, lakini hazijalingana. Karatasi ya Babu nayo imesema: monita ina njano kidogo, laptopu ina ubuluu kidogo. Kwa hiyo Dogo naye ana sehemu yake.

#27 Dogo_Mlandege
Nilisema mie.

#28 MpigaPicha_Paje
Hapo sasa ndipo pa kifaa cha kupimia rangi, kile kinachoning'inizwa juu ya kioo kikasoma kipande kimoja kimoja, kikatengeneza profaili. Lenga nyeupe ya D65 (nyeupe ya kiwango, kama mwanga wa mchana) na gama 2.2 (namna mwangaza unavyopanda kutoka nyeusi hadi nyeupe). Si lazima ununue, sie wapiga picha wa pwani tunaazimana. Tahadhari moja: vile vya zamani vina vichujio vinavyooza kwa joto na unyevu, na hapa kwetu vyote viwili vipo mwaka mzima. Kihifadhiwe kwenye kopo lenye vifuko vya kunyonya maji. Kilichoachwa mezani masika mawili matatu kinaweza kukupa nambari za uongo, nawe ukaziamini.

#29 FundiWaWaya
Hata ukipima, OLED na IPS nyeupe zake zinaweza kusomeka sawa kwenye kifaa na jicho likaziona mbali mbali, kwa sababu taa zake ni za aina tofauti. Ningekuwa mie ningechagua monita moja ya kuamulia rangi, laptopu nikaiachia taimlaini na mafaili. Sizilinganishi tena.

#30 Babu_wa_Malindi
Nami ningechagua karatasi. Chapisha picha moja ndogo kwenye karatasi ile ile ya albamu, iweke pembeni ya monita, sogeza mwangaza mpaka vifanane. Mteja haondoki na skrini yako.

#31 MpigaPicha_Paje
Babu, wateja wangu wengi hawachapishi kitu, wanatazama kwenye simu. Na simu zao nyingi ni OLED. Kwa hao pengine laptopu ya Mwana_Kikwajuni ndiyo iliyo karibu na watakachokiona, pamoja na chumvi yake.

#32 Binti_Jangombe
Kumbe basi bahari inawaka.

#33 Mwana_Kikwajuni
Video nitaamulia kwenye monita baada ya kuipima, albamu nitafuata karatasi ya Babu, na picha za hoteli nitazitazama kwenye simu pia kabla ya kuzipeleka. Bado nataka kujua hiyo tofauti inayobaki ni ya taa kuchakaa au ni ya aina ya skrini. Mwenye monita mpya ya IPS na laptopu ya OLED aje atueleze anachokiona.

#34 Ukuta_wa_Mkunazini
Kabla uzi haujazama: kuna aliyefunga mkono wa monita ukutani kwenye nyumba za Mji Mkongwe? Monita yangu ina matundu ya milimita 100 kwa 100 nyuma, mkono ninao. Nimetoboa, ukuta unamwagika unga na skrubu inazunguka bure.

#35 Babu_wa_Malindi
Ukuta huo ni mawe ya matumbawe na chokaa, haushiki skrubu kama zege. Ukiulazimisha utabomoka kipande kizima, na monita itafuata. Usiendelee kutoboa. Hayo matundu yazibe kwa chokaa, si kwa saruji, maana saruji inaufungia unyevu ndani na lipu itavimba.

#36 FundiWaWaya
Tumia mkono wa kubana kwenye ukingo wa meza. Meza yako mbao au ubao wa kuungwa kwa gundi?

#37 Ukuta_wa_Mkunazini
Mbao ya mninga, nene, aliichonga marehemu babu yangu.

#38 FundiWaWaya
Basi imekwisha hiyo. Pima unene wake uone kama kibanio kinafika, na weka kipande cha mpira chini yake kisiukwaruze mninga.